Baba Yetu Bwana Ignoto

Jumatatu, 5 Septemba 1988

Mkutano wa kamati ukumbini, saa kumi jioni. Mvua. Nilikwenda kwa sababu mbili: biskuti, na Bi Philomena Watters, katibu wa kamati, mjane, mwenye posta yetu hapa Rossdoon. Hakuna mwandiko mzuri kama wake Sligo nzima.

Bi Philomena akasoma barua. Jumamosi ya tarehe 17 balozi mdogo wa Uhispania atakuja kuzindua jiwe la mabaharia waliozama hapa kwetu miaka mia nne iliyopita. Hilo tulilijua. Jipya ni hili: balozi anauliza kama kijijini kuna ukoo wenye damu ya Kihispania, uliotokana na wale walionusurika. Kama upo, mtu wa ukoo huo atalifunua jiwe pamoja naye. Atakaa kando yake wakati wa chakula. Halafu atakaribishwa Uhispania wiki nzima, yeye na mwenzake mmoja.

Mwenzake mmoja. Nilimtazama Bi Philomena. Alikuwa anakunja barua.

Barua haijarudi hata kwenye bahasha, Dominick Gillen, mwenye bucha, kasimama. Akasema kila mtu anajua kina Gillen wana nywele nyeusi tangu enzi na enzi, na nywele nyeusi hazikuja Sligo kwa miguu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi najua nywele za Dominick zinatoka wapi. Zinatoka kwenye kopo, duka la dawa, rafu ya pili.

Sijui kilichoniinua. Nilijikuta nimesimama, nasema nywele si ushahidi, na kwamba sisi kina Currid tunayo maandishi.

Hatuna maandishi. Tuna leseni ya mbwa, na mbwa mwenyewe amekufa.

Kamati ikaamua: Alhamisi ya tarehe 15, kila mmoja alete maandishi yake.

Nyumbani nikamweleza dada yangu Attracta. Naishi kwake tangu kazi yangu ya kutengeneza televisheni ilipohamia kwenye banda lake la kuku. Aliweka kijiko chini.

"Festus," akasema, "wewe una nywele nyekundu. Ukikaa juani dakika kumi unawiva. Mhispania gani huyo?"

Nikamwambia damu hujificha. Akasema yangu imejificha vizuri sana.

Jumanne, 6 Septemba

Utafiti umeanza. Nimechukua daftari jipya. Juu nimeandika jina langu, chini yake marehemu baba, chini yake babu Bartley, chini yake baba yake babu, ambaye Attracta anasema aliitwa Ambrose. Chini ya Ambrose hakuna kitu. Ni chini ya Ambrose ndipo atakapokaa Mhispania. Nimemwachia mistari minne, maana najua majina yao ni marefu.

Attracta akauliza: meli zilivunjika mwaka 1588, Ambrose alizaliwa miaka ya 1840 na kitu. Kati hapo kuna miaka mia mbili na sitini; alikuwa wapi huyo Mhispania? Swali zuri. Nimejibu kwamba familia ilijificha milimani. Akauliza ilimkimbia nani. Nikasema Waingereza. Hapo akarudi kwenye sufuria yake, maana hakuna mtu wa Rossdoon anayeweza kuipinga sababu hiyo.

Nilipita buchani kupeleleza. Dominick amening'iniza vitunguu saumu dirishani. Alinisalimu kwa kuvua kofia, na kofia yenyewe ni mpya, pana kama sinia. Akaniuliza maandishi yangu yanaendeleaje. Nikasema yananilemea kwa wingi. Akacheka akasema, "Angalia usivunjike mgongo, Mhispania mwekundu."

Jumatano, 7 Septemba

Dublin. Basi, kisha treni, kisha miguu. Nyumba ya kumbukumbu za taifa iko kimya kama kanisa siku ya kazi. Msichana wa mapokezi alinipa filamu za sensa na kunionyesha jinsi ya kuzungusha mashine. Nilizungusha kupita kiasi. Nikavuka Sligo nikaingia Tipperary. Akaja kunirudisha.

Sensa ya 1901. Nimempata. Ambrose Currid, mkulima, miaka 54, hajui kusoma. Amezaliwa: Kaunti ya Sligo. Nilitumaini kwamba labda aliyeandika alikuwa na haraka na hakutaka kuandika Uhispania.

Sensa ya 1911. Ambrose yuleyule, nyumba ileile. Miaka 71.

Nikahesabu kwa vidole. Miaka kumi imepita, mzee ameongeza kumi na saba. Nikamwita msichana, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba hapa tuna mtu wa asili isiyo ya kawaida, asiyezeeka kama Waayalandi. Akanitazama kwa huruma. Akasema mwaka 1909 serikali ilianza kulipa pensheni kwa waliotimiza miaka sabini, na vyeti vya kuzaliwa wazee hawakuwa navyo.

"Nchi nzima ilizeeka kwa pamoja, baba," akasema. "Wa kwako ni kijana. Juzi nimeona aliyeongeza ishirini na tatu."

Kuna safu ya mwisho kwenye fomu ya 1911, ya kuandika kama mtu ni kiziwi, bubu au kipofu. Askari aliyemjazia Ambrose fomu ameandika: *Si kiziwi, lakini hasikii.* Nimenakili. Attracta hatahitaji kuiona.

Nikaomba sensa za zamani zaidi, za 1841 na 1851. Msichana akasema ziliteketea kwa moto mwaka 1922, vitani. Nikakaa nikiwa nimevunjika moyo. Kisha nikaona neema yake: hakuna tena sensa inayoweza kusema Mhispania hakuwepo.

Msichana akanishauri nitafute kitabu cha ubatizo parokiani. Kama alikuwa na miaka 54 mwaka 1901, nianze na 1847. Nilimshukuru sana, hata nikaisahau kofia yangu kwenye mashine.

Alhamisi, 8 Septemba

Vitabu vya ubatizo viko kabatini, chumba cha kusomea cha Padri Hargadon. Nilipofika mlangoni nilikutana na Dominick anatoka, anajifuta mikono. Alikuwa amempelekea padri paja la kondoo.

Sikutaka kuomba moja kwa moja. Ukiomba unaweza kunyimwa, na ukishanyimwa kila mtu anajua unatafuta nini. Nikapiga hesabu nyingine. Padri ana televisheni. Jumapili ya tarehe 18 ni fainali ya mpira, na padri angeona afadhali kukosa mazishi yake mwenyewe kuliko kukosa fainali. Nikamwambia nimepita tu, nikasikia kama harufu ya waya unaoungua.

Akashtuka. Akanikaribisha. Nikafungua mgongo wa televisheni, nikachomoa kipuri kidogo, nikakitia mfukoni. Ikafa papo hapo. Nikasikitika pamoja naye. Nikamwambia kazi hii inahitaji mwanga wa dirisha la chumba cha kusomea, tena itachukua siku.

"Hata mbili, mwanangu," akasema padri. "Mradi tarehe 18 niuone mpira."

Ijumaa, 9 Septemba

Saa tatu asubuhi nilikuwa chumbani na bisibisi. Kabati lilikuwa karibu kabisa. Lakini padri naye akaketi kitini, akafungua kitabu chake cha sala, akasali kwa saa mbili bila kuinua mguu. Nililazimika kufanya kazi kweli. Nilifungua kila kilichofungika. Kufikia saa tano televisheni ilikuwa imeenea zulia zima, na vipande vingine sivijui hata mimi.

Mwisho simu ikalia ukumbini mwa nyumba. Padri akatoka. Nikaruka.

Kitabu cha 1844 mpaka 1851: ngozi ya kahawia, kimevimba kwa unyevu. Ndani ni Kilatini. Hilo halikunitisha. Nilitumikia altareni miaka mitatu enzi za misa ya zamani, mpaka nilipoangusha chetezo juu ya askofu. Februari 1847:

*Ambrosius. Mama: Sabina Currid.* Kisha, kwa mwandiko uleule: *patre ignoto.*

*Patre* ni baba. Hilo linajulikana na kila aliyewahi kusali. Kwa hiyo: baba, Ignoto.

Ignoto. Inaishia na o. Nilikaa sakafuni katikati ya televisheni. Sligo nzima hakuna mtu mwenye jina linaloishia na o. Ndiyo maana tunaitwa Currid, jina la mama: Wahispania hubeba na jina la mama, nimewahi kusikia redioni.

Nikanakili kila kitu. Halafu nikaona kitu kibaya. Chini zaidi, Oktoba mwaka huohuo: *Dominicus. Mama: Honora Gillen.* Baba: Ignoto.

Nikafungua ukurasa uliofuata. Ignoto. Na mwingine, Ignoto tena, mara mbili. Bwana huyu hakutulia. Lakini wengine si kitu. Shida ni Gillen. Ikijulikana, Dominick na mimi tuna haki sawa, na mbaya kuliko yote, ni ndugu.

Nikasikia padri anaaga simu. Nikakisukuma kitabu nyuma ya kabati, ukutani kabisa, nyuma ya mabuku ya nyimbo. Dominick akija kukitafuta hatakiona maisha.

Nikairudisha televisheni kwa kumbukumbu. Nikarudisha na kipuri. Ikawaka mara moja, picha safi, sauti safi, lakini watu wote walikuwa miguu juu, vichwa chini. Padri aliinamisha shingo akamtazama msomaji wa habari kwa muda mrefu. Akasema wiki ijayo nirudi, na nirudi na akili.

Jumapili, 11 Septemba

Baada ya misa nilimngoja Bi Philomena langoni. Nikamnong'oneza kwamba nimepata jina. Akafurahi, akagusa mkono wangu, akasema alijua tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu wa makini. Nikamwuliza kama hupenda joto. Akasema joto linamfaa magoti.

Nimempa Bwana Ignoto jina la kwanza, Pedro, kwa muda, mpaka lake lipatikane.

Jumatatu, 12 Septemba

Attracta ameanza kuharibu mambo. Wakati wa chai alichukua daftari langu akasoma. Nilidhani atauliza juu ya Pedro. Hakuuliza. Aliweka kidole kwenye jina la Sabina.

"Huyu alikuwa na umri gani?"

Nikasema sijui, haikuandikwa.

"Alitoka wapi?"

Imeandikwa Knockmore, kule juu mlimani. Nilinakili kwa kuwa niliona inathibitisha habari ya kujificha.

Akahesabu. Februari ya 1847 ni katikati ya njaa kuu, viazi vimeoza mwaka wa pili. Kutoka Knockmore mpaka kanisani ni maili saba. Akaniuliza kama najua theluji ilivyokuwa mwaka ule. Nikasema mimi nashughulika na upande wa baba. Akasema, "Naona. Na upande wa baba ulikuwa wapi siku hiyo?"

Nikasema baharini, bila shaka. Akainuka, akavaa koti. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema kwa padri. Nikamwambia asijisumbue, kitabu kile hakionekani kwa urahisi. Aligeuka akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumanne, 13 Septemba

Attracta anataka kunieleza jambo. Alianza asubuhi, "Festus, kuhusu lile neno la Kilatini." Nikamwambia nina kazi. Mchana akaanza tena, "Festus, nisikilize kidogo, usije ukaaibika." Nikaziba masikio, nikatoka kwenda bandani kufanya mazoezi ya hotuba mbele ya kuku. Hotuba ina dakika kumi na mbili. Inaanzia baharini.

Nimejinunulia zeituni mjini Sligo, za kopo. Nimekula tatu. Nitazoea.

Jumatano, 14 Septemba

Nimempita Dominick barabarani. Hakutania. Alitabasamu tu, kama mtu mwenye karatasi mfukoni. Sikupenda.

Alhamisi, 15 Septemba

Siku yenyewe. Naandika haya nikiwa bandani, maana nyumbani kuna wageni wanaompongeza Attracta. Nieleze kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Hata wasioamkiana walikaa pamoja. Bi Philomena alivaa koti la kijani. Attracta, ambaye hajawahi kuja mkutano wowote tangu ule wa taa za barabarani, alikaa safu ya mbele na mkoba magotini.

Dominick alipewa nafasi ya kwanza kwa sababu ya alfabeti ya majina ya kwanza, jambo ambalo nililipinga. Akasimama. Akavua sinia lake. Akasema ana maandishi yaliyotolewa kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia hii, aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe. Akasoma: baba yake babu yake alikuwa Dominicus, mama yake Honora Gillen, na baba yake, mabibi na mabwana, alikuwa Mhispania kwa jina la Ignoto.

Nikasimama nikasema huyo ni Ignoto wangu.

Ukumbi ukageuka. Nikasoma karatasi yangu haraka haraka: Ambrosius, Sabina, Ignoto. Dominick akauliza nilikipata wapi. Nikamwuliza yeye alikipataje, ikiwa kitabu kimefichwa. Akasema hakikuwa kimefichwa: Jumatatu Attracta alikwenda kukiomba, padri hakukiona, akamwita Dominick aliyekuwa ameleta soseji, asaidie kusogeza kabati. Kikaanguka kutoka nyuma. Kikafunguka chenyewe.

Kwa hiyo mimi ndiye niliyemwonyesha. Nilimeza hilo. Nikasema basi, na iwe hivyo, lakini Ambrose alizaliwa Februari na Dominicus Oktoba, kwa hiyo sisi ndio kifungua mimba na wao ni tawi dogo. Dominick akasema Februari ni bahati mbaya na Oktoba ni mapenzi. Nikamwambia asimtukane bibi yangu. Akasema bibi yangu ndiye aliyemwibia bibi yake mume. Tulikuwa tumekwisha kukaribiana kifua kwa kifua, na mwenyekiti anagonga meza kwa kijiko, padri alipoingia.

Alikuja kuniulizia habari ya televisheni. Akasimama mlangoni akasikiliza. Akaomba azione karatasi zote mbili. Alizisoma pole pole, kisha akavua miwani. Sijawahi kumwona padri anatafuta maneno.

"Wanangu," akasema, "Ignoto si jina la mtu. Ni Kilatini. *Patre ignoto* maana yake ni kwamba baba hajulikani."

Nilisikia kalamu ya Bi Philomena inasimama. Kisha mtu mmoja nyuma kabisa akasema kwa sauti ya kawaida, "Kwa hiyo hawa wawili ni ndugu kwa mtu asiyekuwepo," na ukumbi mzima ukaanguka. Dominick aliketi. Mimi nilibaki nimesimama.

Walipochoka kucheka wakaona kwamba Attracta amesimama pia. Hakupandisha sauti. Hana haja, alifundisha darasa la watoto miaka thelathini.

"Kitabu kimesema baba hajulikani," akasema. "Hakikusema mama hajulikani. Mama ameandikwa wazi. Anaitwa Sabina Currid, wa Knockmore. Alishuka maili saba mwezi wa Februari, mwaka wa njaa, na mtoto wa siku mbili kifuani, akamleta kubatizwa, akaulizwa baba ni nani mbele ya watu, akanyamaza. Halafu akapanda tena. Na mtoto akaishi. Mimi nimesimama hapa kwa sababu aliishi. Honora Gillen naye vilevile, Dominick, kwa hiyo kaa wima."

Dominick akakaa wima.

Akaendelea. Akasema wale mabaharia walitupwa ufukweni bila jina hata moja, hatuna orodha yao, nao pia walikuwa na mama. Kama balozi anataka mtu wa kusimama kando ya jiwe la watu wasiojulikana, basi kijiji hiki hakina upungufu. Akaketi, akafungua mkoba, akatafuta leso.

Bi Philomena alikuwa analia juu ya kumbukumbu za mkutano. Akapendekeza Attracta alifunue jiwe. Dominick ndiye aliyeunga mkono. Mikono yote ikainuliwa. Wangu ulikuwa wa mwisho, lakini uliinuka.

Njiani nilimwuliza Attracta kwa nini hakuniambia. Akasema alijaribu kuniambia mara mbili Jumanne. Nikamwuliza alimpataje padri hata akampa kitabu. Akasema, "Nilimwomba. Akanipa chai na keki pia."

Kuomba. Sikuwa nimelifikiria. Sidhani kama linaweza kufanya kazi mara mbili.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimekwenda kwa padri kurekebisha televisheni. Hakunigombeza kuhusu kabati. Alisema tu kwamba mabuku ya nyimbo hayajawahi kupangwa vizuri kiasi kile. Nimegeuza waya. Sasa watu wamesimama wima, lakini kushoto kumekuwa kulia. Maandishi yanasomeka kinyume. Padri anasema mpira hauna maandishi, ananishukuru, niende zangu.

Jumamosi, 17 Septemba

Jiwe limezinduliwa. Mvua ilinyesha kwa upande. Mimi na Dominick tulipewa miamvuli, mimi juu ya Attracta, yeye juu ya balozi, na ilitubidi tutembee sambamba kama farasi wawili wa mkokoteni mmoja. Balozi ni mtu mfupi. Alipovua kofia mbele ya jiwe, nilipigwa na butwaa. Nywele nyekundu, nyekundu kuliko zangu. Madoadoa mpaka masikioni. Anasema kwao kaskazini wako wengi hivyo.

Attracta alimweleza habari ya Sabina. Mkalimani alisimama katikati kwa muda, akashindwa kuendelea, balozi akamshika Attracta mkono akasema ameelewa. Walivuta kitambaa pamoja. Sitasema nilijisikiaje. Nilishika mwamvuli kwa mikono miwili; kulikuwa na upepo.

Wakati wa chakula nilikaa meza ya mwisho, karibu na mlango wa jikoni, na Dominick. Tulikula samoni. Dominick akasema Honora alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikwenda kumtafuta kwenye kitabu cha zamani zaidi, padri akamsaidia kusoma. Nikamwambia samahani kwa yale ya tawi dogo. Akanipa viazi vyake.

Attracta anakwenda Uhispania mwezi wa Mei. Mwenzake mmoja ni Bi Philomena. Mimi nitabaki na kuku.

Jumatatu, 19 Septemba

Asubuhi tulivu. Nimekaa na daftari. Nilitaka kulifunga nilipoona ile mistari minne chini ya Ambrose, mitupu tena baada ya kumfuta Pedro.

Nimeitazama sana. Baba hajulikani. Watu walicheka, lakini hakuna aliyelifikiria neno lenyewe. Hajulikani maana yake hakuna anayejua. Kama hakuna anayejua, hakuna anayeweza kupinga. Nani aliishi Knockmore mwaka 1847? Maskini, wote. Na kwenye bonde chini yake? Lord Haverleigh, mwenye ardhi yote hii, kwenye jumba la vyumba arobaini. Mwanamke ananyamaza mbele ya padri. Hunyamazi kwa ajili ya mchunga kondoo.

Ukoo wa Haverleigh bado upo, Uingereza. Dominick amepita kuleta soseji, nikamweleza. Alifikiri kidogo, akaniuliza kama vyumba arobaini vinagawanyika kwa wawili. Nimemwambia vyangu ishirini viwe vya upande wa kusini.

Nimetoa karatasi nzuri ya Attracta, ile ya kuandikia rambirambi. Amepita nyuma yangu na ndoo ya kuku, akauliza namwandikia nani kwa mwandiko wa kujikaza hivyo. Nimemwambia ni mambo ya kifamilia. Nimeanza: *Binamu mpendwa.*